Cheti Kimezuiwa, na Uongo Niliomwambia Mama

Jumanne. Joto la Kariakoo limeanza kabla hata sijanawa uso, na nimeshalia mara mbili.

Haya, niseme tu. Sirushi tena ndege.

Mwaka wa tatu huu mimi ni rubani msaidizi wa ndege ndogo za abiria. Kila mwaka tunapimwa afya, na bila cheti cha daktari hugusi usukani. Safari hii daktari aliweka kipimo kifuani, akakiacha pale muda mrefu mno, kisha akanituma kwa bingwa wa moyo. Jana majibu yalitoka. Valvu moja imekakamaa, haifungi vizuri, damu nyingine inarudi ilikotoka. Cheti kimezuiwa. Labda upasuaji, labda siku moja wataniruhusu. Labda!

Mimi ninayepanda ghorofa nne nikiimba, jamani. Siumwi popote.

Kilichonimaliza ni swali la bingwa: utotoni niliwahi kuumwa koo, halafu magoti yakavimba?

Niliwahi. Nilikuwa darasa la tatu. Mama alinipa maji ya chumvi na ndimu nisukutue, na kila jioni akanichua magoti kwa mafuta ya nazi. "Usilie, mwanangu, unarefuka." Mtaa mzima ulisema hivyo hivyo. Mtoto akiumwa magoti, anakua. Nani ampeleke hospitali mtoto anayekua?

Bingwa akasema ndipo moyo ulipoumia: ugonjwa wa koo usipotibiwa unaweza kuvamia magoti, kisha moyo. Ningepewa dawa wakati ule, huenda zingeuokoa.

Nina hasira, tena sana, na sina wa kumkasirikia.

Leo nimeenda dukani kwa mama, anauza khanga Mtaa wa Kongo. Hata shikamoo yangu hajaitikia, anamwambia mteja, "Huyu ndiye rubani wangu." Nikasubiri mteja aondoke, nikamweleza yote, kasoro yale ya magoti. Akakaa juu ya robota la khanga. Hakupiga kelele, na mama yangu ni mtu wa kelele.

"Imetoka wapi hiyo? Kwetu hakuna mgonjwa wa moyo."

"Nimezaliwa nayo, mama."

Nilidhani nimemtua mzigo. Akaniangalia, machozi yakamtoka.

"Basi ni mimi. Nilinyanyua marobota haya haya nikiwa na mimba yako. Bibi yako alinikataza, sikusikia."

Nimerudi nyumbani, nimejifungia. Sasa nifanyeje? Nimtoe kwenye kosa ambalo hakulifanya, nimtie kwenye lile alilolifanya kwa mapenzi?