Mvua Imerudi Lodwar, Baba Naliaka

Baba Naliaka,

Mvua imerudi. Najua ungetaka habari hiyo kabla ya salamu, kwa hiyo nimeanza nayo. Jana alasiri wingu lilijikusanya juu ya milima ya Loima, upepo ukaja na vumbi lake, mabati yakalia, nami nikatoka mbio kuanua nguo. Wewe ungekuwa umeshasimama nyuma ya nyumba na kamera yako, ukinipigia kelele: "Mama Naliaka, acha hayo mashuka! Njoo uone!"

Nami nilikuwa nakuja. Mashuka yetu yalilowa mara nyingi, na sikumbuki hata moja lililonihuzunisha.

Ulipoletwa huku kutengeneza pampu za visima, ndugu zako kule Bungoma walitulilia kama watu waliofungwa. Kamera ulipewa na padre aliyekuwa akirudi kwao. Nilidhani utapiga picha za harusi na ubatizo kama wenye kamera wengine. Ukaielekeza mawinguni. Ukapiga mchanga, ukapiga migunga ya kando ya mto Turkwel ikiwa imekauka, kisha migunga ile ile baada ya mvua. Filamu ya kwanza iliporudi kutoka kusafishwa Kitale nilikuuliza, "Mbona hamna mtu hata mmoja?" Ukacheka. "Watu wapo siku zote. Majani haya ukilala umeyakosa."

Kilichokuudhi ni rangi. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na majani mabichi yalitoka kijivu. Ukanipa penseli niandike rangi nyuma ya kila picha. Tukabishana! Wewe ulisema kijani. Mimi nikasema si kijani tu, ni kijani cha kunde changa kabla hazijatambaa. "Basi andika hivyo hivyo," ukasema. Akiru, jirani yetu hapa Nawoitorong, alikuwa akiacha kikapu anachosuka ili atucheke. "Nyinyi watu ya Kenya," alisema, kana kwamba Kenya inaishia Kainuk, kabla ya kufika kwao, "nashangaa mvua kama watoto."

Siku ile ulipoondoka na lori kwenda Kakuma, Lodwar haikuwa na wingu hata la kufutia jasho. Namwambia kila mtu hivyo, hata sasa, sijui kwa nini. Na Kakuma vilevile jua lilikuwa linawaka. Dereva aliniambia lori lilizama katikati ya laga, ule mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kwenye milima ya mpakani, na hakuna aliyejua. Wenzako walikuwa juu ya mzigo. Wewe ulikuwa chini na koleo, ukitoa mchanga kwenye magurudumu. Dereva alisikia kishindo, akaita jina lako, akaita tena...

Mengine siyaandiki. Unayajua kuliko mimi.

Tulikuzika nyumbani. Mama yako alinishika mikono yote miwili. "Usirudi kule, mwanangu. Ile nchi imemla mtoto wangu." Nikamwambia narudi kufunga vyombo tu, na ndivyo nilivyokusudia. Kamera niliitia kwenye sanduku la bati, chini ya mablanketi. Mvua za kwanza ziliponyesha nilifunga madirisha, nikakaa chini, mgongo ukutani, Naliaka mapajani, nikangoja zikatike.

Akiru akabisha hodi. Alikuwa amelowa chapachapa. "Ejok," akanisalimu kwa Kiturkana, nami sikuitikia. Akakaa sakafuni kando yangu.

"Mama Naliaka, mvua hana kosa."

Nikamvuta Naliaka kifuani.

"Wewe najua jina yangu maana yake nini? Akiru ni mvua. Mama yangu alinizaa mvua inanyesha. Sasa na mimi utanifungia mlango?"

Nililia siku hiyo, Baba Naliaka. Kule mazikoni sikuwa nimelia hivyo. Nilipotulia akaniambia twende Kakuma kwa dada yake, nikaone mahali pale kwa macho yangu. "Usipoona, itakufuata mpaka kwenu."

Tukaenda. Kamera niliibeba ndani ya leso, sikumwambia mtu. Laga ilikuwa kavu. Wanawake walikuwa wamechimba visima mchangani, wanateka maji kwa kibuyu, mbuzi wamewazunguka. Nilikasirika. Nilitaka mahali pale pawe pabaya, na hapakuwa.

Asubuhi moja tukasikia watu wanakimbilia ukingoni, wanawake wanapiga vigelegele. Maji yanashuka. Nilimshika Akiru mkono nusura niuvunje. Kwanza ilikuja sauti, halafu ulimi wa matope ukisukuma povu na vijiti, polepole kama ng'ombe anayeramba, na nyuma yake maji yenyewe, yamejaa, yamebeba mti mzima. Na watu wanacheka! Ajuza mmoja alikuwa akiimba huku machozi yanamtoka. Mbuzi wake watapata majani, watoto watapata maziwa.

Nikafungua leso, nikapiga. Picha imepinda, utafikiri maji yanapanda mlima. Ungenicheka mpaka ukae chini.

Vyombo sikuvifunga kurudi Bungoma. Nimeomba nafasi ya ualimu Kakuma, na nimeipata. Tunahama mwezi huu. Mama yako alininunia muda mrefu. Juzi amenitumia unga wa wimbi na salamu, na swali moja: kama ni kweli huku huota maua. Nimempelekea picha.

Naliaka ameota tena meno ya mbele. Anakusalimu. Kamera anaishika vizuri kuliko mimi, ila yeye hupiga mbuzi tu.

Nakuaga sasa, maana mwanga unakwisha na bado sijazoea kukuaga. Pumzika, mume wangu. Ninakuahidi jambo moja. Mbingu za mpakani zikiwa nyeusi, au wazee wakisema wamesikia ngurumo, mimi na mtoto wako hatutavuka laga. Hata wanaovuka watuite, madereva wapige honi, chakula kiwe ng'ambo ya pili. Tutakaa ukingoni tungoje, mpaka maji yapite yote na mchanga uonekane.

Wako,
Mama Naliaka