Debe la Mzee Petro

Jumapili, saa tisa alasiri. Mbinga ina baridi ya mwezi wa saba, na ukungu haujaondoka tangu watu watoke misa ya kwanza. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinakataa kuandika. Labda si baridi.

Debe liko hapa chini ya meza yangu. Nimelifunika kwa gunia la kahawa.

Naeleza tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Mimi ni karani wa kituo kidogo cha sanaa kinachoendeshwa na masista. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja na unaisha mwezi ujao. Sista Benigna, mkuu wetu, alikuwa amechoka kukodi pikapu na spika kubwa kama makabati kila wanamuziki wetu wanapoalikwa mahali. Ni watu watatu tu: mpiga gitaa kavu, mama mmoja mwimbaji mwenye kayamba, na Mzee Petro. Akaniita akasema, "Aloyce, wewe umesoma. Nataka jukwaa linaloingia kwenye buti ya gari dogo, na mtu asibebe kitu mapajani."

Sijawahi kupenda kazi kama nilivyoipenda ile. Spika moja ya betri, maiki mbili, stendi fupi mbili, mashine ndogo ya kuchanganya sauti. Kila waya niliukunja duara na kuufunga kwa kipande cha kitenge, chekundu cha gitaa, cha bluu cha maiki, ili hata mtu mwenye haraka asikosee. Fundi seremala alinitengenezea sanduku linalobeba vyote, na likifungwa linakuwa kiti cha mpiga gitaa. Nilinunua mkeka wa kutandika chini ili mchanga wa ziwani usiingie kwenye vifaa, nikauchora kwa chaki mahali pa kukaa kila mtu. Ndani ya kifuniko cha sanduku nikabandika orodha niliyoichapa. Kisha nikapima buti kwa futi ya fundi. Ilibaki nafasi ya vidole vitatu.

Debe halikuwamo kwenye orodha.

Mzee Petro anapiga bangwe, ubao wenye nyuzi saba, ala ya kwao Ngumbo, kando ya ziwa. Ubao wenyewe ni mwembamba, unaingia kwenye mfuko. Lakini anapopiga huutumbukiza nusu ndani ya debe kuukuu la mafuta ya kula, lenye matundu ubavuni, na kwenye matundu hayo amening'iniza vizibo vya soda kwa waya. Uzi ukilia, vizibo vinaitikia. Mimi nilichosikia ni kelele. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kabla ya kuweka maiki, ondoa kila kitu kinachotetemeka. Basi katika akili yangu nikawa nimeshaliondoa.

Sikumuuliza Mzee.

Alhamisi asubuhi tulikuwa tunapakia kwenda Ngumbo, tulikoalikwa. Wanamuziki walikuwa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Dereva wetu, Kaka Severini, ambaye hana mkataba na huitwa kukiwa na safari tu, alisimama nyuma ya gari ameshika debe kwa mikono miwili.

"Bwana Karani, na hili la mzee?"

"Liache ofisini. Tuna maiki."

"Mzee anajua?"

"Nimeshaongea naye."

Nilisema hivyo bila hata kumeza mate. Severini akalirudisha, mimi nikalisukuma nyuma ya mlango, buti ikafungwa bila kusukumwa. Sista akapita, akatazama, akasema, "Vizuri sana, Aloyce." Nilijisikia mrefu.

Njiani Mzee Petro alikuwa mchangamfu kama mtu anayekwenda kuposa. Tangu ahamie kwa binti yake Kingerikiti, huku milimani, hajawahi kupiga nyumbani. Alitutajia watakaokuwepo, mashemeji na watani, halafu dada yake mkubwa, Bibi Veronika, ambaye macho yake yamefifia. "Huyo hatanijua kwa sura," alisema. "Atanijua debe likianza."

Nilikuwa nimekaa mbele. Nilisikia kila neno. Nikatazama barabara.

Tulitandika mkeka kwenye uwanja wa shule, ziwa likiwa nyuma yetu. Nilimaliza kupanga kila kitu kabla watu hawajajaa, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha, nakiri. Kisha Mzee Petro akakaa kwenye alama yake ya chaki, akatoa ubao mfukoni, akaanza kupapasa pembeni yake kama mtu anayetafuta fimbo.

"Mwanangu, debe langu liko wapi?"

Sista alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu. Severini alikuwa ameshuka ufukweni kununua dagaa.

"Shikamoo Mzee," nikasema, kama vile ndio kwanza tunakutana. Halafu nikasema, "Severini ndiye aliyepakia."

Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo maana linaniuma hivi.

Mzee akaegemeza ubao kwenye goti, akapiga hivyo hivyo mbele ya maiki yangu. Sauti ilitoka nyembamba, kavu, kama mtu anayekuna meno ya kitana. Nikiongeza, spika inapiga yowe na watoto wanaziba masikio. Nikipunguza, upepo wa ziwa unaichukua yote. Wimbo wa kwanza ukapita. Katikati ya wimbo wa pili mtani mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Petro, huko milimani wamekupa mbu uje kutuchezea?" Watu wakacheka. Mwingine akajibu, "Ni maharage yale, yamemmaliza nguvu." Mzee naye alitabasamu, kwa kuwa mtani hanuniwi. Lakini mkono wake ulikuwa umepungua kasi.

Bibi Veronika alikuwa ameketishwa mbele kabisa, kwenye kiti cha darasani. Wimbo wa pili ulipokwisha akamgusa mjukuu wake. Nilikuwa karibu, nimeinama kwenye mashine. Akauliza, "Petro anaanza saa ngapi?"

Nimejaribu kuliandika swali hilo kwa njia nyingine, haliandikiki.

Mama mmoja aliyekuwa akipika chakula cha wageni ndiye aliyeokoa siku. Alikuja na sufuria kubwa, ukoko wa ugali wa muhogo bado umeganda ndani, akaiweka mbele ya Mzee. "Shemeji, tumbukiza humo, usitie aibu ukoo." Mzee akatumbukiza ubao. Sauti ikapanda, watu wakapiga makofi, akina mama wakaingia kucheza. Bibi Veronika alitikisa kichwa kwa kufuata mapigo, ila uso wake ulibaki wa mtu anayemsikiliza mgeni. Baadaye, wakati nafungua maiki, Mzee aliniambia polepole, "Wamecheza vizuri. Lakini ile ni sauti ya mwenye sufuria, si yangu."

Severini aliporudi na mfuko wake wa dagaa, Sista alimsubiri kwenye gari.

"Umemwacha mzee bila ala yake mbele ya ndugu zake. Miaka yote unapakia, hujui debe ni la nani?"

"Sista, nilipakia nilichoambiwa."

"Usimsingizie mtu."

Severini akanitazama. Hakukasirika. Alikuwa ananipa nafasi. Mimi nilikuwa nakunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Kwenye kona za kupanda mlima mimi huwa natapika, na Severini anajua. Kila safari huweka ndimu mbili karibu na usukani. Siku ile niliamini hatanipa. Tulipoanza kupanda, akakata moja kwa meno, akanipa nusu bila kugeuka. "Nusa, Bwana Karani," akasema.

Ijumaa Sista aliniita ofisini kwake. Alitaka nichape tangazo la kutafuta dereva mwingine, libandikwe Jumatatu saa mbili. Nilichapa. Nikaweka leseni, uzoefu, umri. Akasema, "Ongeza, awe mwaminifu." Nikaongeza.

Jana nilikwenda ofisini peke yangu, nikalitoa debe nyuma ya mlango. Funguo za mlango ule tunazo mimi na Sista tu, na niliogopa akilikuta pale atajua ni mimi niliyeliacha. Nimelileta nyumbani ndani ya gunia, nikipita njia za nyuma za mashamba. Kwa hiyo sasa mimi ni mtu aliyeficha debe la mzee chini ya meza yake. Mama yangu alinisomesha kwa kahawa aliyoibeba kichwani.

Jioni nilijipanga kwenye foleni ya kitubio. Walipobaki watu wawili mbele yangu nikatoka. Padre angenipa sala za kusali, na Severini angebaki bila kazi vile vile.

Nimeandika barua kwa Sista mara tatu. Ya kwanza inasema kulikuwa na mapungufu katika upakiaji. Ya pili inasema mawasiliano hayakuwa mazuri. Nimezichana. Ya tatu ina mistari minne. Mimi ndiye niliyesema debe liachwe. Mimi ndiye niliyemdanganya Severini kwamba mzee anajua. Mimi ndiye niliyeweka jina la Severini mbele yako. Tangazo lile naomba lisibandikwe.

Naogopa. Ninaogopa kuhusu mkataba, na zaidi ninaogopa uso wa Sista wakati anasoma, kwa kuwa aliniamini kwa sababu nimesoma.

Masista wanatoka kwenye sala saa kumi na moja, nami nataka kumpa Sista barua ya tatu mkononi. Kutoka hapa ni mwendo wa nusu saa, katikati ya mji, kupitia sokoni. Maandishi haya nayaweka kwanza hapa kwenye blogu yangu. Severini huyasoma yote ninayoandika, ameniambia mara nyingi kwamba yanamsaidia kusinzia. Akishayasoma, sina tena mlango wa nyuma.

Orodha iliyo kwenye kifuniko cha sanduku nimeibandua na kuchapa nyingine. Mstari wa kwanza ni debe. Ili liingie, stendi moja itabidi mtu aibebe mapajani. Mtu huyo kama atakuwa bado mimi, sijui.

Gunia nimeliondoa. Nimelijaribu debe hapa chumbani, na hata ukitembea kwa kunyata vizibo vinalia. Sokoni watu watageuka, watauliza karani wa masista anakwenda wapi na debe la kelele siku ya Jumapili.

Nitawajibu. Nalirudisha.