Beringi ya Mashine ya Kubangulia

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimefunga beringi mpya kwenye mashine ya kubangulia korosho. Namba 32210: tundu milimita hamsini, kipenyo cha nje tisini. Karatasi ya maelekezo inataka icheze sehemu tano hadi kumi za mia ya milimita. Unywele tu. Meneja alinunua kipimo chenye uso wa saa cha kupimia mchezo huo. Kimo kabatini ndani ya boksi lake. Mimi hupima kwa vidole. Kaza nati huku unazungusha shafti, ikianza kuwa nzito, rudisha kidogo. Miaka ishirini na sita hivyo. Leo uzito nimeuhisi kwa kuchelewa.

Jumanne, 7 Oktoba
Somoe, mwendesha mashine, kaniita. "Fundi, hapa kwenye beringi panaunguza mkono." Nikamwambia beringi mpya ndivyo zilivyo. Akaongeza grisi. Nilichomwambia ni uongo mtupu.

Jumatano, 8 Oktoba
Saa nne asubuhi shafti imegoma. Msimu ndiyo kwanza unaanza, magunia yamejaa hadi mlangoni. Meneja kamsimamisha Somoe kazi: eti hakutia grisi. Nilikuwa nimesimama palepale. Nikainama kukusanya spana zangu.
Sukari imeniua vidole tangu Ramadhani. Hakuna anayejua, hata mke wangu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeifungua. Rola zimegeuka buluu kwa moto. Grisi imejaa tele, imeungua. Ilikazwa kupita kiasi, basi. Niliikaza mimi.
Baada ya swala, baba yake Somoe alinipa mkono. Hakutaja habari ya binti yake. Sikuuhisi mkono wake. Najichukia.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeifunga beringi kwenye kitambaa, nikampelekea meneja. Nimesema yote, na la sukari pia. Kasema Somoe arudi Jumatatu. Kisha mtaa wa Magomeni, nyumbani kwa Somoe. Nilimwomba radhi mbele ya baba yake. Binti alikuwa anamenya muhogo, hakuacha. "Mzee, ungesema tu vidole vimekufa. Ningekukazia mimi."


Jumatatu, 13 Oktoba
Somoe amerudi. Mimi kuanzia kesho niko stoo ya vipuri. Leo beringi nyingine, namba ileile. Kipimo kimetolewa kwenye boksi. Nilimsomea karatasi, yeye akakaza, akarudisha, akatikisa shafti. Mshale ukaonyesha saba.
Akaniuliza kama inatosha. Nikamwambia inatosha. Mikono yangu ilikuwa mfukoni.