Gari Lililonukia Asmini

Baba yangu,

Mola akutilie nuru kaburini. Sisi hatujambo, ila gari lako dogo la Kiholanzi nusura liuzwe kama vyuma vikuukuu, na mimi, ninayeitika jina langu darasani kwa kunong'ona, ndiye niliyelazimika kusema mbele ya wanaume.

Tangu ulipotutoka, ndugu yako Ami Omari ndiye aliyekuwa akiliendesha. Wamjua: miaka yote hutengeneza cherahani pale Biashara Street, na kwake yeye kila kinacholia kina kiu. Basi gari likaanza kulia, kwi-kwi-kwi. Kesho yake likanyamaza, lakini halikwenda tena. Injini yanguruma, magurudumu yamelala. Ami akatangaza kwamba gia zimekufa. Nikamwambia polepole kwamba gari hili halina gia. Lina mikanda miwili ya mpira inayopanda na kushuka kwenye puli, vile vigurudumu vyake, na mwendo hubadilika wenyewe.

"Mwanangu," akasema, "gari bila gia ni mchuzi bila chumvi." Akamwita mnunuzi wa vyuma.

Mama yumo edani, hatoki. Akaniita juu. "Chukua kile kitabu cha gari ulichokuwa ukimsomea babako. Siku nikitoka eda nataka kupanda gari la mume wangu, si la watu."

Kitabu chasema: chora mstari wa chaki kutoka kwenye mkanda hadi kwenye puli, tia mwendo kidogo, zima, kisha tazama. Mstari ukikatika, mkanda wateleza. Ami akakubali kukaa kwenye usukani, kunipoza tu mpaka mnunuzi aje. Nikatandika mkeka, nikaingia chini ya gari na buibui langu, miguu ikabaki nje. Muuza kahawa akapita, akaiona miguu, akamwona na Ami.

"Innalillahi! Omari, umemgonga mtoto wa watu!"

Ami akaapa mara tatu kwamba mimi ni mzima. Yule bwana hakuridhika mpaka nilipotikisa vidole.

Baba, chaki haikushika. Iliteleza. Nikanusa kidole: asmini! Nikaelewa hapo hapo. Mama hajipaki mafuta yake ya nazi ya asmini maadamu yumo edani, na chupa ilikuwa imekaa tu kabatini. Ami aliona hasara kuiacha bure, akainywesha mikanda chupa nzima.

Nilipotoka chini, mnunuzi alikuwa ameshafika, anagonga boneti kama anayechagua nazi. Nilitamani kurudi mkekani. Nikafumba macho, nikapaza sauti: "Ami, mikanda ya mpira haitiwi mafuta!"

Kutoka dirishani Mama akasema, "Kumbe ndiyo chupa yangu niitafutayo!"

Niliiosha mikanda kwa sabuni, nikaikausha. Ami, aliyekwisha kuzoea gari lisilokwenda, akakanyaga kwa nguvu zake zote, na kumbe alikuwa amelitia rivasi. Ulinieleza wewe kwamba gari hili hurudi nyuma kwa kasi ile ile ya kwenda mbele. Ami hakuelezwa. Liliondoka kinyumenyume kuelekea Ndia Kuu, Ami akisoma Ayatul Kursi, mnunuzi akiruka kando na kuacha kiatu kimoja. Lilipokubali kusimama, Ami alishuka akifuta jasho.

"Haliuzwi," akamwambia mnunuzi. "Nenda zako. Gari lina afya kunishinda."

Mama amebakiza siku chache. Akitoka, atapanda gari lako, naahidi.

Jana nilifungua mwisho wa kitabu, pale ulipokuwa ukiandika kila ulipoikagua mikanda. Mwandiko wako unakoma katikati ya ukurasa. Nilikaa na kalamu muda mrefu, Baba, mpaka wino ukakauka nchani. Kisha nikaandika mstari wangu chini ya wako.

Pumzika. Ukurasa huu nitaujaza.

Mwanao,
Zuhura