Mama Ndani ya Mashine

Mdogo wangu,

Nyumbani ni vilevile ulivyopaacha. Paa la jikoni linavuja tena, na paka amezaa ndani ya kabati la mama, na mama hataki watoto wa paka waondolewe.

Picha ya uzinduzi uliyotutumia kutoka wizarani imefika. Waziri anakata utepe, wewe na suti yako uko nyuma yake, na mama amelala kwenye mashine ya kupima mwili mzima, anatabasamu. Ameitundika sebuleni. Kila mgeni huambiwa, "Mashine hii mwanangu kaileta mwenyewe. Imenitazama mpaka mifupa, haikuona kitu."

Wewe unajua siku ile haikuwashwa. Mama alilazwa pale kwa ajili ya wapiga picha. Mimi ninayefagia chumba kile hapa hospitalini nakuambia haijawashwa mpaka leo. Mtaalamu wa kuiendesha mliyemwandika kwenye mpango wenu hakuja. Kila asubuhi naifuta vumbi na kuifunika shuka. Daktari wetu husema waliopanga haya wakikohoa tu hupanda ndege kwenda kutibiwa ng'ambo. Nami hukumbuka goti lako lilikotibiwa.

Uvimbe wa mama sasa unaonekana hata juu ya gauni. Nilipomsihi twende hospitali nyingine alinicheka. "Nikapimwe nini tena? Unamwonea mdogo wako wivu." Juzi nilimleta daktari kama mgeni wa chai. Alimpapasa kidogo, akaniita uani, akasema maji yamekwisha mwagika.

Ukipiga simu, usimwambie. Atakushukuru tena kwa ile mashine. Wewe itikia tu.

Dada yako