Petali Tano Zilizobaki

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika. Sanduku lake ni refu kuliko kitanda. Cheche, fundi wa kuchomelea wa jirani, alikuja na wenzake watatu kulibeba mpaka karakanani. Akauliza: Bi Mkubwa, mmeagiza jeneza? Kisha akajiuma ulimi. Nimemsamehe. Kwa Cheche maneno hutangulia akili, ndiyo maana akaitwa hivyo.

Fundi alikuwa amekaa kibarazani. Mume wangu namwita Fundi hata humu. Mtaa mzima humwita hivyo, nami nimemwita hivyo miaka arobaini na mmoja. Alilitazama sanduku likipita. "Kidogo," akasema. Akageuza kiti, akaipa karakana kisogo.

Ndilo neno pekee alilobakiwa nalo. Kiharusi kilimpata miezi kumi na mmoja iliyopita. Mkono wa kulia umepooza, maneno yamekwenda. Akitaka maji — kidogo. Akiumwa — kidogo. Akisalimiwa — kidogo.

Mashine ameinunua binti yetu. Alisema kwa simu: "Mama, mkono wa Baba umechoka. Tumpe mwingine." Mkono huu unaongozwa na kompyuta. Unapewa mchoro, unachonga wenyewe. Na kazi ipo: mfuniko wa kasha ambalo Fundi alimwahidi binti huyo huyo. Uko juu ya meza ya kazi, pale pale ulipoachwa. Ua la petali nane. Tatu zimechongwa, ya nne ina pigo moja tu la patasi. Nataka ua hilo likamilike, naye aone. Sitaki zaidi ya hapo.

Fundi mwenyewe sikumwuliza.

Jumanne, 4 Machi

Mwongozo una kurasa sitini na nne. Kiswahili chake ni cha mtu aliyekisikia kupitia ukutani. "Usitie vidole kwa mashine ikiwa anakula." Nani anakula? Nilisahihisha prufu, nakala za kukaguliwa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na mitatu, mkono ukaenda kwenye kalamu nyekundu wenyewe. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimesahihisha kurasa kumi na moja na sijakaza skrubu hata moja. Aibu! Nikaanza upya, bila kalamu.

Nilichoelewa ni hiki. Kuna reli za kwenda kulia na kushoto, za kwenda mbele na nyuma, na moja ya kupanda na kushuka. Kichwa chenye kisu hutembea juu ya hizo. Lakini mashine haina macho. Haijui ubao uko wapi mpaka mtu aioneshe: hapa ndipo sifuri, hapa ndipo mwanzo. Mengine yote huhesabiwa kutoka hapo. Ukikosea hapo umekosea kote, tena kwa usahihi mkubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Tumeiunganisha, mimi na Cheche. Yeye na spana, mimi na mwongozo.

"Kitabu kinasemaje, Bi Mkubwa?"

"Kinasema kaza, lakini usikaze."

"Kumbe kimeandikwa na mama mkwe wangu!"

Nilicheka. Nikashtuka kusikia sauti yangu.

Alasiri tuliiwasha. Mlio! Kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nikatoka kumwangalia Fundi. Alikuwa ameziba sikio. Moja tu. Mkono ni mmoja.

Hakula.

Ijumaa, 7 Machi

Jaribio la kwanza, kwenye kipande cha ubao usio na kazi. Mwongozo unasema sifuri iwekwe kwenye kona ya kushoto, mbele. Nikaiweka hapo hapo. Nikabonyeza kitufe cha kijani. Kichwa kikaondoka kwa madaha, kikatoka nje ya ubao, kikagonga kibano kilichoushika ubao — paa! Kisu vipande viwili. Nikapiga kitufe chekundu kwa kiganja kizima.

Nikampigia binti.

"Sifuri umeweka wapi, Mama?"

"Konani. Kama ilivyoandikwa."

"Lakini mchoro wangu unaanzia katikati! Baba hajawahi kuanzia konani. Huchora msalaba katikati ya ubao, ndipo ua lifuate. Alinifundisha nikiwa na miaka saba. Wewe ulikuwa huoni?"

 Miaka arobaini na mmoja nimepeleka chai kwenye karakana ile, na sijui mume wangu anaanzia wapi kuchonga ua.

Jumamosi, 8 Machi

Kipande kingine cha majaribio, sifuri katikati. Kisu kipya. Dakika arobaini.

Limetoka! Petali nane, zote sawa, kama zimepigwa chapa. Cheche alipiga mluzi. Nikampelekea Fundi kibarazani, nikaliweka mapajani pake. Akalipapasa kwa kidole gumba, petali moja moja, akazunguka mpaka aliporudi mwanzo. Kisha akaligeuza kifudifudi, akaweka kikombe chake juu yake.

Petali zake tatu hazilingani. Nimekwenda kuzitazama kwenye mfuniko. Moja imejikunja ncha kidogo, kama sikio la mtu anayesikiliza. Sikuwahi kuona.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike nilichofanya.

Leo niliufunga mfuniko wenyewe kwenye mashine kwa vibano vinne. Nikatafuta msalaba wa Fundi ili niweke sifuri juu yake. Haupo. Nikaufungua, nikaupeleka mlangoni kwenye mwanga. Petali tatu zipo, na lile pigo moja. Kwingine kote ubao ni mtupu. Safi.

Ni safi kwa sababu niliusafisha mimi. Wiki ile alipolazwa nilirudi nyumbani, nikakuta maranda mpaka kizingitini. Nikafagia. Nikapanga patasi kwa ukubwa. Nikaona mistari ya penseli juu ya mfuniko, nikachukua raba. Ndivyo tulivyofanya kiwandani: prufu haiendi mtamboni ikiwa na penseli. Nilifuta taratibu, nisikwaruze ubao. Nilipuliza na vumbi la raba. Nikajisifu.

Petali tano zilikuwa zimechorwa pale kwa mkono wake mzima. Fundi yeyote angeweza kuzifuata. Pengine yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Nimezifuta mimi.

Na lile jingine, kwa kuwa nimekwisha kuanza. Asubuhi ile ya kiharusi nilimwita dirishani: chai tayari. "Kidogo," akajibu. Nikasema chai haimngoji mtu. Nikarudi ndani, nikanywa yangu, nikaosha kikombe. Cheche ndiye aliyemkuta sakafuni, saa nzima baadaye, patasi bado mkononi. Daktari alisema wakati mwingine neno la mwisho hukwama, likabaki peke yake. Hakuniuliza neno hilo aliambiwa nani. Sikumwambia.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza Fundi habari ya raba. Nilikaa mbele yake, nikasema bila kupamba. Habari ya chai sikuiweza.

Alinitazama. "Kidogo," akasema.

Sijui kama ni msamaha au ni kiu. Nilimpa maji. Aliyanywa.

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa karakanani na rula. Katikati ya urefu, katikati ya upana, nukta. Nikasikia mkongojo. Fundi mlangoni! Cheche nyuma yake, mikono hewani, kama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea.

"Sikumleta mimi, Bi Mkubwa. Kajileta. Mimi breki tu."

Fundi aliitazama mashine juu mpaka chini, jinsi mtu anavyomtazama mchumba wa binti yake. Kisha akaiona nukta yangu. Akaifuta kwa kidole gumba. Akanyoosha mkono, nikampa penseli. Nilitaka kumshikia rula, akaisukuma.

Akachora kwa mkono wa kushoto. Mstari ulitetemeka, ukapotea, ukarudi. Wa pili ukaukata wa kwanza. Msalaba uliopinda, kama wa mtoto wa chekechea. Mtu ambaye alikuwa akivuta mstari wa urefu wa mlango bila rula, akizungumza na watu! Nikageukia dirisha, nikajifanya natafuta kitambaa.

Nilipima. Milimita nne kutoka ilipokuwa nukta yangu. Nilikwisha kufungua mdomo nimsahihishe. Cheche akaniwahi: "Subiri. Tulete uzi." Tukaunyoosha juu ya mshipa wa kila petali, ule mstari wa katikati, petali ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara zote tatu uzi ukapita mahali pamoja.

Juu ya msalaba wake.

Upande mmoja wa ubao ulikuwa haujapunguzwa. Aliuacha mpana makusudi, aje kuukata mwisho. Rula yangu ingejuaje? Yeye alikumbuka. Mistari imepinda, mahali ni penyewe.

Fundi hakutabasamu. Aliitazama ile penseli mkononi mwake, akairudisha mezani, mbali naye.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi. Umeme upo. Chai nimeileta huku huku karakanani, vikombe viwili.

Binti amezitoa petali tatu kwenye mchoro, zimebaki tano. Nimesimamisha kisu juu ya msalaba. Kilichobaki ni kimo. Ukurasa wa thelathini na nane: weka karatasi juu ya ubao, shusha kisu huku ukiivuta karatasi, ikikwama, hapo ndipo sifuri. Fundi aliishika karatasi kabla sijamaliza kusoma. Mimi vitufeni.

Nikashusha.

"Kidogo," akasema, akiivuta karatasi.

Nikashusha tena.

"Kidogo."

Alikuwa akinielekeza. Miezi kumi na mmoja, na leo neno limekaa mahali pake.

"Kidogo."

Karatasi ikakwama. Nikainua kisu, akaitoa. Kompyuta inasema tayari. Kitufe cha kijani kinawaka na kuzima. Nikamwambia: "Fundi, naanza."

"Kidogo."

Ameweka mkono juu ya ubao, chini ya kisu, penye petali ya nne. Kidole gumba kiko ndani ya lile pigo la patasi. Hauondoi mkono. Sijui kama anaaga au anakataa. Macho yake hayaniambii. Cheche alichungulia mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga, akaondoka kwa ncha za vidole. Hata yeye!

Nimevuta kigoda, nimekaa. Naandika hapa, daftari gotini. Kitufe bado kinawaka na kuzima. Mkono bado upo.

Chai inapoa. Yangu sijaigusa.