Sumaku Isiyojua Igeukie Wapi

Jumanne, 8 Julai 1975
Immakulata kafika kutoka Dar! Mjukuu wangu, mke mwenza wangu. Kasahau hata salamu yetu ya Mwakeye, kanirukia shingoni. Mwembamba kama ufito—huko chuo hawapiki? Nimemlisha maharage mpaka kaomba huruma. Ana fomu. Ulaya wanamtaka akasomee sumaku miaka mitatu! Baba yake aweke sahihi, iondoke na basi la Jumamosi.

Jumatano, 9 Julai
Mkwe, baba yake, kakataa. Eti hapeleki binti Ulaya kutazama chuma kilichopigwa baridi. Afundishe Kasulu, aolewe. Na mimi siwezi kumjibu! Mkwe ni mkwe—miaka ishirini na tatu sijamtazama usoni. Jina lake silitamki. Hata humu siliandiki. Ulimi unaniwasha!
Nikamwambia mtoto: nieleze mimi kwanza, kisomo chenyewe cha watu wazima nimeanza juzi. Nisipoelewa, baba yako ana haki.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeelewa! Nimeelewa!
Ni shaba, ndani yake vipunje vya chuma vimetawanyika ovyo, kama mawe kwenye maharage. Kila kipunje sumaku. Kukiwa na joto zinacheza tu. Zikipigwa baridi—baridi kupita barafu, kupita Heru Juu alfajiri—zinaanza ukaidi. Jirani huyu anataka muelekee pamoja, yule anataka mpeane migongo.
Katusimamisha uani, mimi, yeye na jirani Valeria. Unaelekea upande wa Kasulu au wa Kibondo, basi. Sheria: usielekee sawa na mwenzako yeyote. Mimi Kibondo, Immakulata Kasulu. Valeria akazunguka kama kuku aliyechinjwa. Jamani, nigeukie wapi? Mnanionea! Nimecheka mpaka kitenge kikafunguka.
Halafu baridi inazigandisha hivyohivyo, kila moja na upande wake. Zinagandaje? Wazungu wenyewe hawajui vizuri! Ndicho anachokwenda kutafuta. Mjukuu wangu mimi!

Ijumaa, 11 Julai
Mkwe kaja alasiri. Yeye barazani, mimi nyuma ya mlango, Valeria anapeleka maneno. Anayaharibu yote! Kamwambia sumaku zinaumwa baridi. Mkwe anacheka: mwambieni mama zifunikwe blanketi.
Nikatoka. Kinyumenyume, heshima ipo. Nikamwambia Valeria: Mkwe aelekee Kasulu, mimi Kibondo, mtoto asifanane na yeyote. Migongo sisi tumezoea. Immakulata akasimama pembeni yetu. Akaelekea Kibondo. Si hivyo, Mkwe akasema, umefanana na bibi yako. Akaelekea Kasulu. Wala hivyo, umefanana na mimi.
Kisha nikamsikia Mkwe, taratibu: sasa mtoto ageukie wapi?
Ndiyo hiyo anayokwenda kuisomea, Nestori!
Nimemtaja! Na nimegeuka—usoni kabisa. Ana mvi! Hakuna aliyeniambia ana mvi. Macho kayaangusha chini, mdomo wazi. Valeria kakimbia.
Immakulata kampa baba yake kalamu yangu ya kisomo. Mimi niko jikoni naandikia penseli. Wako barazani. Anamuuliza, huko kwenye baridi, mablanketi wanatoa? Anaisoma fomu kwa sauti. Kamaliza ukurasa wa kwanza. Anafunua wa pili, penye sahihi—